Sanamu dhahania ni sanamu ya nini?

Neno "sanamu" lenyewe linatutega. Ukilisikia tu unauliza: ya nani? Ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, ya twiga, ya rais fulani. Sanamu dhahania haina jibu la swali hilo. Neno "dhahania" wengi tulikutana nalo shuleni, kwenye nomino: upendo, uzuri, vitu visivyoshikika. Hapa kitu kinashikika kabisa, tena pengine kubebwa kwake ni kazi ya watu sita. Kilichoondolewa ni mfanano. Unabaki na umbo, rangi, uzito na malighafi.

Kutumia vitu vya kila siku peke yake hakuifanyi kazi iwe dhahania. Mwaka 1942 msanii Picasso aliunganisha kiti cha baiskeli na usukani, akapata kichwa cha fahali. Kazi safi, ila fahali unamwona. Ndivyo ilivyo hata kwa twiga wanaochongwa Kenya kwa kandambili zilizookotwa ufukweni.

Sasa mtazame El Anatsui, mchongaji Mghana aliyezaliwa 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali (si vizibo vya soda, ni vile vya alumini vya kuzungusha). Yeye na wasaidizi wake huvikata, huvibamiza, huvikunja na kuvitoboa, kisha huvifunga kimoja kimoja kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu. Vikitundikwa ukutani hulala kwa mikunjo kama kitenge kizito kilichoanikwa, na kila jumba la sanaa laweza kuipanga mikunjo hiyo kivyake. Kwa mbali ni dhahabu na wekundu unaong'aa. Sogea karibu, utaanza kusoma majina ya pombe.

Nadhani wanaosema sanaa hii haieleweki huwa wanatafuta sura. Hakuna mtumwa aliyechongwa humo, wala merikebu. Lakini pombe kali ni miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizitumia kununulia watu pwani ya Afrika Magharibi, na ramu, mojawapo ya pombe hizo, hutokana na miwa. Mwaka 2023 kazi za Anatsui zilitundikwa kwenye ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, jumba la sanaa lenye jina la Henry Tate, tajiri wa sukari.