Umemaliza matibabu ya saratani? Anza kutembea, na usiachwe utembee peke yako

Mgonjwa akishatoa mguu hospitalini baada ya dripu ya mwisho ya dawa au siku ya mwisho ya mionzi, neno analolisikia kuliko yote nyumbani ni "pumzika". Ananyang'anywa ndoo, jembe linafichwa, na hata chumvi ya dukani anatumwa mtoto. Wanaofanya hivyo wanampenda, tena wameona alivyoteseka. Lakini mwili uliotoka kwenye matibabu mazito ukiachwa kitandani unaendelea kudhoofika. Misuli ya mapaja inapungua, ngazi chache zinamtoa mtu pumzi, na uchovu ambao mapumziko yalikusudiwa kuuondoa unazidi. Uchovu unaoletwa na saratani na tiba zake hauishi kwa kulala usiku mmoja, wala wiki nzima. Kati ya yote yaliyojaribiwa kuupunguza, mazoezi ya mwili ni miongoni mwa yenye ushahidi imara zaidi.

Hilo sisi wa mazoezi tiba tumelijua kwa miaka. Swali lililobaki lilikuwa zito zaidi: je, mazoezi yanaweza kuzuia saratani isirudi?

Juni 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE. Ulihusu watu 889 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana na kumaliza dawa za kemotherapi. Walisajiliwa kuanzia mwaka 2009 katika vituo 55, vingi vikiwa Kanada na Australia. Waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 5, katika kila watu 100 wa kundi lililosaidiwa kufanya mazoezi, takriban 80 walikuwa hai bila saratani kurudi wala nyingine mpya kujitokeza. Katika kundi la pili walikuwa 74. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai walikuwa 90 katika kila 100 wa kundi la mazoezi, na 83 wa kundi la pili. Kuna dawa za gharama kubwa zinazoidhinishwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Sasa tazama namna makundi yale yalivyotofautiana, maana hapo ndipo penye funzo kwa hospitali zetu. Kundi la pili halikutelekezwa. Lilipewa vijitabu vizuri vya afya vinavyohimiza mazoezi na lishe bora. Kundi la kwanza lilipewa vijitabu hivyo hivyo, na juu yake likapewa mtu. Kwa miezi 6 ya mwanzo kila mshiriki alikutana ana kwa ana na mtaalamu kila baada ya wiki 2, wakazungumza na kufanya mazoezi akisimamiwa. Miezi 6 iliyofuata waliendelea vivyo hivyo kila baada ya wiki 2, na aliyeshindwa kufika aliweza kuongea kwa simu. Miaka 2 iliyobaki ikawa mara moja kwa mwezi. Jumla, miaka 3 ya kufuatiliwa.

Kwa hiyo mhudumu anayemwambia mgonjwa mlangoni "ujitahidi kufanya mazoezi", kisha akaita namba inayofuata, amempa kile walichopata wale wa vijitabu. Naamini kabisa kwamba ushauri nasaha ni sehemu ya dozi.

Unasihi wa aina hii hauanzi na amri. Unaanza na maswali. Kabla ya kuugua ulikuwa unapenda kufanya nini? Sasa unaogopa nini hasa: kidonda kufumuka, kuanguka njiani, au macho ya majirani? Saa ngapi jua ni pole kwenu na njia ni salama? Nani atakusindikiza? Mama aliyenyonyoka nywele anaweza kuwa na nguvu za kutembea lakini hana moyo wa kupita mbele ya kijiwe cha bodaboda. Huyo ukimpangia dakika 30 za barabarani bila kugusa aibu yake, umempangia kushindwa. Baada ya maswali mnaweka lengo dogo linalopimika, linaandikwa kwenye daftari, na wiki 2 baadaye mnalifungua pamoja. Akiwa hakufanya, hakemewi. Mnatafuta kilichozuia, iwe ni mvua, msiba au maumivu, na kubadili mpango.

Kiasi chenyewe si cha wanariadha. Washiriki wa CHALLENGE walilenga kuongeza mazoezi yanayolingana na kutembea haraka dakika 45 hadi 60, mara 3 au 4 kwa wiki, na walifika huko polepole. Kwa kupunguza uchovu, huzuni na wasiwasi, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 unapendekeza dakika 30 mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuongea, lakini ushindwe kuimba. Aliyetoka kitandani jana aanze na dakika 5 kuzunguka nyumba asubuhi, na 5 jioni. Kulima bustani, kufagia uwanja na kuchota maji navyo vinahesabika, mradi mapigo ya moyo yapande kidogo.

Nisimame kidogo kwa wanawake walioondolewa titi na tezi za kwapani. Wengi wameambiwa wasinyanyue kitu kwa mkono wa upande ule maisha yao yote, kwa hofu ya mkono kuvimba. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani ulifuatilia wanawake 141 ambao tayari walikuwa na uvimbe huo. Walionyanyua vyuma taratibu, wakianza na uzito mdogo chini ya usimamizi, hawakuvimba zaidi ya wenzao. Tena hali yao ilichafuka mara chache zaidi. Mkono usiotumika unakakamaa bega na kupoteza nguvu. Anza na chupa ya nusu lita ya maji, ongeza taratibu, na ukiona mkono unajaa au unauma, punguza na umwone mtaalamu.

Tahadhari zipo. Katika CHALLENGE, matatizo ya misuli na viungo yaliwapata watu 18.5 katika kila 100 wa kundi la mazoezi, na 11.5 wa kundi la vijitabu. Ambaye saratani imefika kwenye mifupa asianze bila kupimwa, kwa sababu mfupa unaweza kuvunjika. Mwenye homa, anayetokwa damu ovyo, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au anayebanwa kifua amwone daktari kwanza. Aliyekufa ganzi miguu kwa sababu ya dawa avae viatu vilivyofunga vizuri na aepuke njia zenye mawe. Mwenye mfuko wa choo tumboni atembee bila hofu, ila kunyanyua vizito asubiri maelekezo.

Ushahidi wa kuongeza maisha nilioueleza ni wa saratani ya utumbo mpana. Kwa saratani ya titi na ya shingo ya kizazi, ambazo ndizo zinazowapata zaidi wanawake wa Tanzania, siwezi kukuahidi takwimu zile. Kupungua kwa uchovu na kurudi kwa nguvu, hayo yameonekana katika saratani nyingi.

Siku ya kliniki, kabla hujainuka kwenye kiti cha daktari, uliza mambo matatu: mifupa yangu na moyo wangu viko salama kwa mazoezi? Nipelekwe kwa mtaalamu yupi wa mazoezi tiba? Nani atanipigia baada ya wiki 2? Kama hospitali haina wa kupiga, mteue ndugu mmoja mkiwa hapo hapo, naye asikilize maelekezo kwa masikio yake na kuandika namba ya kituo cha kuuliza.