Manifodi ya ekzosi ya Corolla 110: kazi yenyewe ni bolti

Wateja wengi wanaoniletea Toyota Corolla 110 zenye injini ya 5A-FE huanza kwa kuniambia kwamba tapeti, vile vifaa vinavyosukuma valvu, zinagonga. Wanaeleza mlio mkavu, tik-tik-tik, unaosikika gari linapowashwa alfajiri, unaoongeza kasi kila mafuta yanapokanyagwa, kisha unafifia injini ikishapata moto. Maelezo hayo ya mwisho ndiyo yanayonifanya nisikimbilie kufungua kifuniko cha valvu. Ufa wa manifodi ya ekzosi, lile bomba la matawi linalokusanya moshi wa injini, au gasketi (kizibo chembamba kati yake na injini) iliyoungua upande mmoja, mara nyingi hujiziba wenyewe chuma kinapotanuka, na mlio ukapotea mpaka kesho yake asubuhi.

Kutanuka huko si kudogo. Manifodi ni chuma cha kumimina, na tuseme ina urefu wa sentimita 40. Gari likipanda mlima na mzigo, chuma hicho kinaweza kufikia joto la nyuzi 600. Chuma cha aina hii hurefuka takribani sehemu 11 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, kwa hiyo ukipiga hesabu utakuta manifodi nzima imeongezeka zaidi ya milimita mbili na nusu. Hedi, yaani sehemu ya juu ya injini iliyofungwa nayo, ni ya alumini, ambayo kwa kila nyuzi hutanuka mara mbili ya chuma, lakini kwa kuwa inapozwa na maji, yenyewe hurefuka chini ya milimita moja. Lazima basi moja iteleze juu ya nyingine kila siku, na ndiyo sababu matundu ya bolti katika manifodi hutobolewa mapana kidogo. Kutu ikishajaza nafasi hiyo, ama chuma kitapasuka ama stadi, ile bolti isiyo na kichwa iliyosimama kwenye hedi, itakatika.

Wapo wanaoamua kuishi na mlio huo, na mimi siwaungi mkono. Moshi unaovuja pale una kaboni monoksidi, hewa ile ile isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, na feni ya gari inaweza kuuvuta ukaingia ndani. Isitoshe, kati ya msukumo mmoja wa moshi na mwingine ufa huvuta hewa ya nje, na sensa ya oksijeni ikikutana na hewa hiyo hudhani petroli ni kidogo, kisha kompyuta inaongeza petroli ambayo injini haikuihitaji.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha. Injini ikiwa baridi, iwashe, shika kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja karibu na sikio na nyingine ipitishe polepole pembeni mwa manifodi bila kugusa feni wala mikanda. Penye uvujaji utasikia pumzi zikipiga. Ukiondoa bati la kuzuia joto, mara nyingi utaona pia masizi meusi yaliyochora njia ya moshi.

Katika 110 manifodi imeelekea mbele, upande wa rejeta, na hiyo ni nafuu kubwa kwa anayefanyia kazi uani kwake. Hata hivyo nati za bomba la chini, linaloteremsha moshi kutoka kwenye manifodi, zitakulaza chini ya gari, nawe usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali ya saruji, ambayo hupasuka bila kukuonya. Tumia stendi za chuma, na magurudumu ya nyuma yatiliwe kabari. Waya wa hasi wa betri uondolewe.

Sasa tuje kwenye bolti, maana kufunga manifodi mpya ni kazi ya saa moja, lakini kufungua ile ya zamani kunaweza kuchukua siku mbili. Mimi huanza jioni ya kuamkia siku ya kazi: napulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati, pamoja na zile mbili zinazoshika sensa ya oksijeni, halafu narudia kabla ya kulala na tena asubuhi. Usipulizie manifodi ikiwa ya moto sana, kwa sababu mafuta hayo hushika moto. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hula kona za nati iliyoliwa na kutu. Kabla ya kulegeza, kaza kidogo mno, kiasi cha kusikia kutu ikivunjika, kisha rudisha robo mzunguko, ongeza mafuta, kaza tena kidogo, endelea. Ukihisi mpini umekuwa laini kama mpira huku nati haisogei, acha hapo hapo: stadi inajinyonga na inakaribia kukatika.

Ikikatika na kubakiza kipande nje ya hedi, juu yake huchomelewa nati mpya. Joto la kuchomelea ndilo linaloachanisha kutu, na mara nyingi kipande kinatoka kwa spana ya kawaida. Ikikatika usawa wa hedi, watu hukimbilia ile parafujo ngumu ya kung'olea, iziauti. Niliwahi kuivunja moja ndani ya hedi ya mteja, na kwa kuwa chuma chake ni kigumu mno kwa biti ya kawaida ya kutobolea, ilinibidi niishushe hedi nzima na kuipeleka kwa wakereza vyuma wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Faida yangu ya kazi ile iliishia huko. Tangu hapo, stadi iliyokatika usawa wa hedi namwita mtu wa kuchomelea kwanza.

Manifodi ya mtumba si mbaya, ila usiinunue kwa kuitazama tu. Ilaze juu yake rula ya chuma iliyonyooka, na upitishe fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mapengo, chini yake. Pengo likizidi milimita 0.3, mimi siifungi mpaka isawazishwe kwenye mashine. Kuchomelea ile iliyopasuka sikushauri: chuma cha kumimina kisipopashwa joto lote kwa pamoja na kupoozwa polepole, hupasuka tena kando ya ulipochomelea.

Uso wa hedi usafishwe kwa kikwaruzo butu, kwani alumini huchimbika upesi. Gasketi iwe mpya na ifungwe kavu. Silikoni haina kazi hapa, itaungua siku ya kwanza. Nati nazo ziwe mpya. Anza kukaza za katikati ukielekea ncha, kwa awamu tatu, ili chuma kinapotanuka kiende nje badala ya kubenuka. Kipimo cha kukaza ninachotumia kwa injini hii ni Nm (nyutonimita) 34, ambacho ni sawa na kutundika ndoo ya maji ya lita 10 kwenye mpini uliolala, sentimita 35 kutoka katikati ya nati.

Chini ya manifodi kuna stei inayoibeba. Nimeikuta imetupwa katika magari mengi, kwa sababu fundi aliyetangulia alichoka kuifikia, na hapo uzito wa bomba zima huning'inia kwenye stadi. Irudishe. Angalia pia mauntingi za injini, ile mipira inayoishikilia: zikiwa zimekatika, injini hucheza kila unapokanyaga mafuta, bomba likabaki mahali pake, na manifodi ikawa ndiyo inayovutwa.

Ukiwasha mara ya kwanza utaona moshi wa mafuta uliyopulizia ukiungua; iache injini nje, penye upepo, kwa dakika 15. Baada ya siku tatu au nne za kuendesha, fungua bati la joto injini ikiwa baridi kabisa na upime nati zote upya. Kwa kawaida nakuta mbili au tatu zimelegea.