Herufi iliyosahaulika kwenye hati za MP40

Kazi yangu ni kulinganisha chapa za bunduki na hati za usajili wa serikali kuu ya Marekani. Silaha inayonichukulia muda mwingi kuliko zote ni MP40, rashasha ya Kijerumani ambayo askari wa Marekani walirudi nayo nyumbani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Baadhi yake ziliandikishwa wakati wa msamaha wa 1968, kuanzia Novemba 2 hadi Desemba 1, ambapo mwenye silaha isiyosajiliwa aliruhusiwa kuiandikisha bila kushtakiwa. Mwenye silaha alijaza fomu 4467 kwa kuandika alichokiona, au alichodhani amekiona.

Viwanda vya Kijerumani vilikuwa na desturi ya kuhesabu mpaka tarakimu nne zikaisha, kisha kuanza upya na kuongeza herufi ndogo. Ndiyo maana 4417 na 4417 c ni bunduki mbili tofauti. Wengi waliandika tarakimu, herufi wakaiacha. Kwenye nafasi ya mtengenezaji wengine waliandika “Schmeisser”, kwa sababu jina hilo limegongwa kwenye magazini, yaani kasha la risasi. Lakini Schmeisser, mbunifu wa silaha, hakuibuni MP40! Kiwanda husomwa kwa herufi za siri zilizogongwa upande wa nyuma wa risiva, yaani mwili mkuu wa bunduki: ayf ni kiwanda cha Erma, bnz ni cha Steyr, na 42 inayofuata ni mwaka 1942.

Kwa hiyo mimi huanza na chuma, hati naifungua baadaye. Ukitangulia kusoma karatasi, jicho litakuonyesha ulichokwisha kukisoma. Safisha kwa mafuta mepesi na kitambaa, usiguse msasa, mulika kwa ubavu, nakili kila alama. Bolti na fremu ya chini navyo vina namba, na mara nyingi ni za bunduki nyingine, maana jeshini vipande vilibadilishwa ovyo. Kwa usajili, inayohesabika ni namba ya risiva.

Herufi ikikosekana kwenye hati, mwenye silaha huiandikia ATF, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia silaha, kuomba rejesta irekebishwe, akiambatanisha nakala ya hati na picha za chapa zote. Namuomba kila mteja asiguse chuma ili kukifananisha na karatasi. Kufuta au kubadili namba ni kosa la jinai, na tangu Mei 1986 raia hawezi kusajili rashasha mpya. Bunduki iliyopoteza uhusiano na hati yake haina njia ya kuandikishwa upya.