Upepo, mawimbi, kujaa na kupwa: nguvu yake hutoka wapi?

Ukisimama ufukweni unaona mambo matatu kwa mara moja: upepo unavuma, mawimbi yanapiga, na maji yenyewe ama yanajaa ama yanakupwa. Kwa kuwa yote hukutana hapo, wengi huyachukulia kama jambo moja. Sivyo. Upepo na mawimbi ni kazi ya jua. Kujaa na kupwa ni kazi ya mwezi hasa, na chanzo cha nguvu yake ni cha ajabu zaidi, kama tutakavyoona.

Upepo ni hewa inayohama, na huhama kwa sababu jua haliipashi dunia joto sawasawa. Karibu na ikweta miale hushuka wima. Kuelekea ncha za dunia huja kwa mshazari, kwa hiyo kiasi kilekile cha joto hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Hewa iliyopata moto hutanuka, huwa nyepesi na kupanda. Mgandamizo hupungua pale chini, na hewa nzito ya jirani huja kuziba nafasi. Kusi na kaskazi za Bahari ya Hindi ni jambo hilihili kwa kipimo cha bara zima. Bara la Asia likipata joto la kiangazi, hewa yake hupanda na kusi huvuma kuelekea huko. Likipoa, upepo hugeuka na kaskazi hushika zamu.

Mzunguko wa dunia nao una mkono wake, ila hauusukumi upepo, huupinda tu. Hewa inayosafiri mbali hupinda kulia katika nusu ya kaskazini ya dunia na kushoto katika nusu ya kusini. Hali hiyo imepewa jina la Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, aliyechapisha hesabu zake mwaka 1835. Ndiyo sababu vimbunga vya kaskazini huzunguka kinyume cha mishale ya saa, na vya kusini huifuata.

Mawimbi ni upepo uliohamia majini. Upepo ukikwaruza uso wa bahari hutokea viwimbi vidogo, na viwimbi hivyo huupa upepo mahali pa kusukuma, basi vinazidi kukua. Ukubwa wake hutegemea kasi ya upepo, muda uliovuma, na upana wa maji uliyoyapitia. Ziwa dogo haliwezi kutoa mawimbi ya bahari kuu hata lipigwe na tufani.

Lakini wimbi linapokuja, maji hayaji nalo. Tazama kifuu cha nazi kinachoelea mbali kidogo na ufuko: wimbi likipita, kinapanda, kinasogea mbele kidogo, kinashuka na kurudi karibu palepale. Kinachosafiri ni nguvu. Ndiyo maana ufuko uliotulia kabisa unaweza kupigwa na mawimbi makubwa yaliyozaliwa katika dhoruba ya maelfu ya kilomita mbali. Yakifika penye kina kifupi, chini hupunguza mwendo, wimbi huinuka, kisha huvunjika.

Tsunami haimo katika hesabu hii. Ile ya 26 Desemba 2004 ilitokana na tetemeko la ardhi chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Upepo na mwezi havikuhusika.

Sasa kujaa na kupwa. Husemwa kwamba mwezi huyainua maji juu. Maneno hayo yanapotosha, maana nguvu ya mwezi ya kuyavuta maji yasogee ni takriban sehemu moja tu kwa milioni kumi ya uzito wa maji hayohayo. Haiwezi kuyanyanyua. Inachoweza ni kuyakokota kwa upande, kidogokidogo, juu ya bahari yenye upana wa maelfu ya kilomita, hadi yakusanyike. Bwawa halijai wala halipwi kwa sababu halina upana huo.

Maji hukusanyika pande mbili. Upande unaoukabili mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia. Upande wa nyuma huvutwa kidogo kuliko kitovu, hivyo maji yake hubaki nyuma. Dunia inapojizungusha, pwani nyingi hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Na kwa kuwa mwezi nao umesogea katika njia yake, mzunguko huo huchukua saa 24 na dakika 50. Maji yakijaa saa sita mchana leo, kesho yatachelewa karibu saa nzima.

Jua nalo huvuta. Uzito wake ni kama mara milioni 27 ya ule wa mwezi, lakini liko mbali takriban mara 390, na nguvu hii hufifia upesi sana kwa umbali, hivyo mchango wake haufiki nusu ya ule wa mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, viwili hivyo huvuta kwa mstari mmoja na tunapata bamvua, yaani maji hujaa na kupwa zaidi ya kawaida. Mwezi ukiwa nusu, hupingana, na ndipo huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Umbo la pwani huamua mengine. Katika Ghuba ya Fundy, Canada, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 16, kwa sababu maji ya ghuba hiyo yana mwendo wake wa asili wa kwenda na kurudi unaokaribiana na ule wa bahari. Sehemu kubwa ya Mediterania haisogei sana.

Basi nani anaulipia mwendo huu wote wa kujaa na kupwa? Dunia yenyewe. Maji yanasugua sakafu ya bahari na kuipunguzia dunia kasi ya kujizungusha, na mwezi hupata nguvu inayousogeza mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Umbali huo hupimwa kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo ambavyo wanaanga wa Apollo walianza kuviacha mwezini mwaka 1969. Ushahidi wa zamani zaidi umo katika matumbawe yaliyogeuka mawe. Mwaka 1963 John Wells, mtaalamu wa visukuku, alihesabu mistari ya ukuaji ya kila siku katika matumbawe ya karibu miaka milioni 400 iliyopita, akakuta mwaka mmoja ulikuwa na siku zipatazo 400. Siku zilikuwa fupi. Dunia ilikuwa bado haijakokotwa kiasi hiki.