Trela Inayorukaruka: Pima Springi Kabla ya Kununua Shoki

Trela nyingi zilizochomelewa na mafundi na kukokotwa na pikapu hapa Malindi, zikibeba nazi, maembe, saruji au mitungi ya maji, zimeundwa kwa eksoli na springi za gari kuukuu. Fundi huchagua springi nene ili mwenye mali asirudi kulalamika kwamba imevunjika. Haivunjiki kweli, lakini trela ikiwa tupu huruka kwenye kila tuta la Gede, na ikiingia murram ya Marafa maembe hufika yamepondeka na chasisi huanza kupasuka kwenye maungio. Mwenye trela huambiwa anunue shoki. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa kazi ya shoki ni kutuliza springi inayocheza, na springi hii haichezi kabisa. Kinachodunda ni tairi.

Basi anza na tairi, maana halikugharimu kitu. Tairi la gari la mizigo la 185R14C lenye namba ya uzito 102 linaweza kubeba kilo 850, lakini kwa upepo wa psi 65. Trela ya kilo 600 pamoja na mzigo inaliwekea kila tairi kilo 300 tu. Ukilijaza psi 65 kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa ubavuni, umejitengenezea mpira wa kuchezea. Kwa uzito huo psi 30 zinatosha. Kuhakikisha, chora mstari wa chaki kukatisha uso wa tairi, endesha mita mia moja kwenye lami, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati pekee, upepo umezidi. Ikifutika kingoni pekee, umepungua. Baada ya safari liguse kwa kiganja: tairi lenye joto la kukuondosha mkono linahitaji upepo zaidi au mzigo kidogo. Na ikiwa trela hudunda hata kwenye lami laini, kwa mpigo unaofuata mwendo, inua kila gurudumu kwa jeki, shikilia msumari karibu na rimu na uzungushe. Rimu ikiyumba zaidi ya milimita 3, imepinda.

Sasa springi. Hapa tunazungumzia zile za vyuma virefu vilivyopinda na kulaliana, vilivyofungwa kwa bolti moja katikati. Inua chasisi kwa jeki hadi magurudumu yaning'inie, pima kutoka juu ya eksoli hadi chini ya chasisi, uandike. Shusha trela, itikise kwa mikono mara kadhaa ili springi ikae, pima tena. Halafu pakia mzigo wako wa kawaida (mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo mitungi kumi ni kilo 200, mfuko wa saruji ni kilo 50), upange juu ya eksoli na upime mara ya tatu.

Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu ndiyo inayosema kila kitu. Springi iliyobonyea milimita 60 hupanda na kushuka mara 2 hivi kwa sekunde, mwendo ambao mzigo huustahimili. Iliyobonyea milimita 10 hupiga mara 5 kwa sekunde, na hapo trela ni kama haina springi. Lenga milimita 50 hadi 75 kwa mzigo unaoubeba siku nyingi, si ule wa mara moja kwa mwaka.

Kabla hujalaumu unene, kagua ncha. Springi ikibonyea hurefuka, kwa hiyo lazima ncha moja iwe na shako, vile vibao viwili vinavyobembea, au iteleze ndani ya kikombe chake. Ziko trela zilizochomelewa ncha zote mbili, na hizo hata ungetoa vyuma vyote hazitalainika. Shako nyingine zipo lakini zimeganda kwa kutu. Hewa ya bahari huku kwetu haina huruma, na trela za boti zinazoingizwa majini ndizo huumia zaidi. Vivyo hivyo vyuma vya springi hugandana vikawa chuma kimoja. Vifungue, visugue kwa brashi ya waya, paka grisi yenye grafiti kiasi cha utando mwembamba tu, badilisha bushi (vile vipete vya ndani ya macho ya springi) zilizoliwa. Usimwagie oili chafu ya injini: hunasa mchanga, na mchanga huo husaga vyuma. Pima tena. Trela kadhaa hupona hapa hapa.

Ikibaki ngumu, punguza vyuma. Ugumu hufuata idadi: springi ya vyuma 5 vya unene mmoja ukitoa 2 hubaki na takriban sehemu 3 kati ya 5 za ugumu wake, na uwezo wake wa kubeba hupungua hivyo hivyo. Ikiwa ilikuwa ya kilo 500 kila upande, sasa hesabu 300, yaani 600 kwa pande mbili. Toa uzito wa bodi, tuseme 200, ubaki na kilo 400 za mzigo: mifuko 8 ya saruji, wala usidanganywe na nafasi iliyobaki.

Egemeza chasisi juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Bana vyuma kwa klempu mbili kabla ya kufungua bolti ya kati, kwa sababu vimekandamizwa na vikiachiliwa ghafla huvunja vidole. Chuma kikuu chenye macho, yaani ncha zilizokunjwa duara, hakiguswi, wala cha pili kinachokiegemeza. Katika vyuma 5, toa cha tatu na cha tano. Ukitoa viwili vinavyofuatana unaacha pengo kubwa la urefu, na chuma cha juu huvunjika pale cha chini kinapokomea. Fanya sawa pande zote mbili. Weka bolti ya kati mpya ya daraja la nguvu 8.8, na kichwa chake kiingie barabara kwenye tundu la kikalio cha eksoli. Kikikaa nje, eksoli itasogea na trela itakwenda upande. Bolti za U, zile zinazofunga springi kwenye eksoli, zitakuwa ndefu mno: jaza nafasi kwa bamba moja la chuma, si rundo la washa. Kaza kwa mtindo wa msalaba. Kwa bolti ya milimita 12, spana ya sentimita 40 ukiivuta kwa nguvu ya kilo 18 hivi inatosha. Na moto usikaribie springi. Chuma chake kikipashwa hadi kuwa chekundu hupoteza ule unyumbufu wake, kisha hulala au hukatika.

Shoki zinakuja sasa. Msuguano wa vyuma vingi ulikuwa ukituliza mtikisiko. Umepunguza vyuma, umepunguza na msuguano. Simama juu ya sehemu ya nyuma ya trela, ibonyeze, uruke chini. Ikiyumba zaidi ya mara mbili, funga shoki za gari dogo. Mguu wa chini uwe kwenye eksoli karibu na gurudumu, ilale kidogo kuelekea ndani, nyuzi 20 hadi 30, wala isivuke 45. Trela ikiwa na mzigo wa kawaida, fimbo ya shoki iwe katikati ya safari yake. Weka kizuizi cha mpira kati ya eksoli na chasisi ili shoki isigonge mwisho.

Kama trela husukasuka mbele na nyuma badala ya kudunda, tatizo ni mpango wa mzigo. Laza mkono wa trela juu ya mizani ya kupimia watu, ukiwa katika kimo kile kile cha ndoano: usome takriban asilimia 10 ya uzito wote, kilo 60 kwa trela ya kilo 600. Ukisoma pungufu, sogeza mzigo mbele. Nyuma ikizidi uzito, trela hunyanyua gari na kuanza kuyumba kwa kasi.

Andika kikomo kipya cha uzito ubavuni kwa rangi, na ukipeleka trela kukaguliwa na NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), mweleze mkaguzi kwamba springi zimepunguzwa. Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza bolti za U tena, kwani vyuma vilivyosuguliwa hulala na nati hulegea.