Je, wajua kwa nini Kabala, yale mafundisho ya siri ya Kiyahudi kuhusu Mungu, inaanza na Mungu kusogea pembeni?

Mimi kwa miaka mingi nilijua Kabala ni uchawi wa Kiyahudi. Nilisikia kwa jamaa mmoja tuliyekuwa tunalala naye bweni, anatuhadithia usiku taa zimeshazimwa, eti kuna kitabu cha namba, ukizijua unaita majini yanakuletea hela, na sisi tukaamini maana jamaa alikuwa anaongea kwa kujiamini kweli. Baadae mtandaoni nikakuta watu wanaichanganya na Freemason, na karata za kubashiri, na kile kiuzi chekundu wanachofunga mastaa mkononi, nikasema ndo yenyewe hii. Kumbe nilikuwa nimekosea karibu kila kitu, na kwa kuwa naona watu bado wanayasema yale yale, acha niyanyooshe.

Anza na jina. Kabala kwa Kiebrania ni kupokea, yaani kile ulichopokea kwa mwalimu wako, naye alikipokea kwa wake. Mzizi ni herufi tatu, K-B-L, na ndugu yake wa Kiarabu ndo aliyetuletea sisi "kubali", "kabla" na "kibla". Kwa hiyo neno lenyewe sio geni hivyo, ukisema nimekubali tayari umetamka neno la ukoo ule ule.

Sasa habari ya uchawi haikutoka hewani. Ni kweli kulikuwa na upande wa vitendo, watu wakiandika hirizi na majina ya malaika, lakini huo ulikaa pembeni, na Isaac Luria, ambaye ndo mkubwa wa habari yetu leo, aliwaonya wanafunzi wake wasiushike. Yale mengine yaliongezwa na watu wa nje. Mwaka 1486 Muitaliano Pico della Mirandola aliichukua Kabala akitaka kuthibitishia nayo Ukristo, karne ya 19 Mfaransa Éliphas Lévi akazifunga herufi 22 za Kiebrania na karata 22 za tarot, halafu mwaka 1888 London kikaanzishwa chama cha mambo ya uchawi kiitwacho Golden Dawn kikachanganya kila kitu kwenye sufuria moja. Ukiona karata na Kabala zimekaa pamoja jua unaangalia sufuria hiyo, sio kazi ya marabi.

Na zile namba je? Hapa watu wa pwani hamtashangaa, maana ni abjadi. Alif moja, be mbili, jimu tatu, dali nne. Ile 786 unayoiona imeandikwa mlangoni mwa duka au kwenye kioo cha gari ni hesabu ya herufi za Bismillahi Rahmani Rahimi. Waebrania nao alef 1, bet 2, gimel 3, dalet 4, mpangilio mmoja kabisa, wao wanaita gematria. Neno lao la "mmoja" linatoa 13, neno la "upendo" nalo 13, ukijumlisha ni 26, na 26 ndo hesabu ya lile jina la Mungu la herufi nne wasilolitamka. Hakuna jini anaitwa hapo, ni mtu yuko na Torati anatafuta maneno gani yanaongea pamoja.

Siri nayo ina sababu yake. Karne ya 17 alitokea Sabbatai Zevi akasema yeye ndo Masihi, watu kibao wakamfuata, halafu mwaka 1666 akasilimu mbele ya sultani wa Waturuki, na mafundisho ya Kabala ndo yaliyokuwa yametumika kumtetea. Majeraha yale hayakupona haraka. Walipotokea warithi wake wengine, mwaka 1756 mkutano wa marabi katika mji wa Brody, Ulaya Mashariki, ukapiga marufuku mtu kusoma Zohari, kitabu kikuu cha Kabala, kabla ya miaka 30, na maandishi ya Luria kabla ya 40. Watu waliumia wakaweka uzio, basi.

Historia nipite haraka. Kitabu hicho cha Zohari kilianza kusambaa Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kwa Kiaramu, kikisema ni maneno ya Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2. Mtafiti Gershom Scholem akaonyesha kwamba lugha yake inaelekeza kwa Moses de León, Myahudi wa Hispania aliyefariki 1305, na waliofuata wakaona huenda ni kazi ya kundi zima. Kinachofundishwa humo ni kwamba Mungu mwenyewe ni Ein Sof, Asiye na Mwisho, hafikiwi na akili, ila anajionyesha kwa njia 10 ziitwazo sefiroti, kama huruma, ukali, hekima, ufalme. Sio miungu kumi! Moses Cordovero, mwalimu wa Kabala wa karne ya 16, alitoa mfano wa jua linalopita kwenye vioo vya rangi, ndani unaona mwekundu na wa kijani wakati jua ni moja.

Twende kwa Luria sasa, maana hapa ndo nilipokaa sana. Alizaliwa Jerusalem 1534, akakulia Misri, mwaka 1570 akahamia Safed, mji wa mlimani Galilaya, na kwa miaka kama miwili tu hadi alipokufa kwa tauni 1572 alifundisha jambo ambalo karibu lote tunalijua kupitia mwanafunzi wake Chaim Vital, maana yeye mwenyewe hakuandika sana. Alianza na swali ambalo hata mtoto anaweza kuuliza: kama Mungu yuko kila mahali na amejaza kila kitu, dunia aliiweka wapi?

Jibu lake ni kwamba kabla ya kuumba Mungu alijikunja. Wanaita tsimtsumu.

Piga picha daladala, siti ya watu watatu na wewe umesimama, halafu mmoja anakusanya mabega, anabana magoti, anakwambia kaa hapa. Hajashuka, hajapungua hata kilo moja, ila pamepatikana nafasi ambayo haikuwepo. Mfano una kasoro, maana nje ya daladala kuna barabara, wakati nje ya Ein Sof hakuna nje. Ndo maana walimu waliofuata wakapenda mfano wa mwalimu. Mtu amebobea kwenye hesabu, anamfundisha mwanae wa miaka mitano kuhesabu maharage, inabidi yote anayoyajua ayafiche nyuma abakishe maharage kumi tu, kwa sababu akimmwagia yote mtoto hatoki hata na moja. Elimu haijapungua kichwani, imezuiliwa ili mwingine apate pa kusimama.

Kwenye ile nafasi ukaingia mwanga mwembamba kama uzi, ukamiminwa kwenye vyombo, na vyombo vikapasuka. Bibi yangu alikuwa na taa ya chemni, na alikuwa anatukataza kupandisha utambi ghafla kioo kikiwa bado cha baridi, nilibisha siku moja nikasikia tak, ufa kutoka juu mpaka chini. Luria anasema hivyo hivyo, mwanga haukuwa na kosa, chombo ndo hakikuhimili. Mwingi ukarudi juu, lakini cheche 288 zikanasa kwenye vigae vilivyoanguka, na vigae hivyo ndo wanaviita maganda, chanzo cha ubaya duniani.

Kwa nini 288? Mwanzo 1:2, "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji". Neno la Kiebrania lililo hapo kwenye "ikatulia" lina herufi tano, ukichukua tatu za katikati, resh 200, pe 80, het 8, unapata 288, na zile mbili za pembeni zikiungana zinasomeka "amekufa". Mimi niliposhika kalamu nikaihesabu mwenyewe nilikaa kimya kidogo.

Wenyewe hawakubaliani kama Mungu alijikunja kweli au ni namna ya kusema. Shneur Zalman, mwalimu wa Wahasidi, kundi la Wayahudi wachaji, aliyefariki 1812, alishikilia kwamba kwa upande wa Mungu hakuna kilichobadilika, ni sisi tu tunaoona nafasi. Pia Scholem alidhani wazo hili ni kilio cha Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492, na inavutia kweli, lakini mtafiti mwenzake Moshe Idel akapinga, maana dalili za tsimtsumu zipo kwenye maandishi ya zamani kuliko kufukuzwa kule.

Kazi ya mtu sasa, tikuni, yaani kutengeneza, ni kuzitoa zile cheche, na haifanyiki kwa mazingaombwe. Mtu ameshika zabibu, ana njaa, hajala bado, anasema kwanza umebarikiwa wewe uliyeumba tunda la mti. Kwa Luria cheche iliyokuwa kwenye ile zabibu imeanza kupanda. Ndo anakula.