Kudhibiti masafa kwenye gridi zilizounganishwa

Masafa ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kwetu Tanzania ni hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, mitambo hupungua mwendo na masafa hushuka. Uzalishaji ukizidi, hupanda. Waya wa baharini wa Ras Kiromoni hadi Fumba unapitisha mkondo geu (AC), kwa hiyo masafa ya Unguja na Bara hupanda na kushuka pamoja.

Kinga ya kwanza ni uzito wa mitambo inayozunguka, ambao huchelewesha masafa kubadilika. Paneli za jua hazina uzito huo. Ikipotea asilimia 10 ya uzalishaji kwenye gridi ambayo uzito wake, kwa nishati ya kuzunguka, unatosha kulisha mzigo kamili kwa sekunde 5, masafa huanza kushuka kwa hezi 0.5 kila sekunde. Ukitosha sekunde 2 tu, ni hezi 1.25. Kinga ya pili ni gavana, kifaa kinachoongeza au kupunguza nguvu ya mtambo masafa yanapobadilika. Ikiwekwa kwenye asilimia 5, yaani masafa yakishuka asilimia 5 mtambo huongeza kiasi sawa na uwezo wake wote, basi masafa yakishuka hezi 0.25, mtambo wa megawati 100 huongeza megawati 10. Hapo kushuka husimama, lakini masafa hayarudi 50.

Kuyarudisha ni kazi ya vituo vya udhibiti, na hapa ndipo uratibu unapohitajika hasa. Kila upande hutazama masafa pamoja na umeme unaopita kwenye waya. Masafa yameshuka na Unguja inavuta kuliko ilivyopangwa? Upungufu ni wa Unguja, na Unguja ndiyo iongeze. Inavuta kidogo kuliko mpango? Upungufu uko Bara. Pande zote mbili zikikimbilia upungufu mmoja, masafa hupitiliza juu, kisha hurudi chini, yakayumba hivyo hivyo.

Hatari kubwa, kwa maoni yetu, ni waya wenyewe. Ule wa 2013 una uwezo wa megawati 100. Tuseme unabeba 85, wingu likafunika paneli za Unguja zenye megawati 30. Magavana wa Bara hawajui mpaka. Msaada wao wote hupita humo, ukafika karibu 115. Kinga ya waya ikikata, kisiwa hubaki peke yake bila uzito. Australia Kusini ilizimika hivyo tarehe 28 Septemba 2016: mashamba ya upepo yalipunguza umeme ghafla, njia ya kuunganisha na jimbo jirani ikazidiwa, ikakatika.

Ndiyo maana betri ya kusaidia masafa iwekwe upande wa kisiwa, na isijazwe mpaka juu: iliyojaa haiwezi kupokea umeme wa ziada masafa yanapopanda.